Usanii wa Wanasheria

Mtaani kwetu ukitaka kumtukana mwanasheria bila kuitiwa polisi, unamwita msanii. "Yule bwana msanii tu," watu husema, na kijiwe kizima kinaelewa kwamba hapo hazungumzwi mtu anayejua kuchora wala kuimba. Anazungumzwa mtu wa maneno matamu, aliyekula hela za pande mbili, aliyekuambia njoo Jumatatu, njoo Jumatatu, mpaka viatu vikaisha soli. Neno zuri kabisa limegeuzwa kuwa jina la matapeli. Sisi tunaoandika na kuigiza tumelalamika sana juu ya jambo hilo. Leo mimi silalamiki. Leo nalichukua tusi hilo kama lilivyo, nalipeleka mlangoni kwa wale wanaowafundisha wanasheria wetu, na kuwaambia: ndugu zangu, wanafunzi wenu wanageuka wasanii wa mtaani kwa sababu mmekataa kuwapitisha kwenye sanaa yenyewe.

Siropoki. Mimi mwenyewe nimesoma sheria. Somo la maadili nililifaulu kwa alama ambayo mama yangu aliwatangazia majirani mpaka wakachoka. Na ni mimi huyuhuyu niliyeshika pedi ya wino siku ile ninayotaka kuwasimulia.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza mazoezi ya kazi katika ofisi ya wakili mmoja, ambaye simtaji, wala mji siutaji. Asubuhi akaingia bibi mmoja na mwanamume wa makamo, mtoto wa ndugu yake. Nikamwamkia bibi, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?" Akakaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayeogopa kukichafua. Karatasi zilikuwa tayari mezani, kurasa tatu za Kiingereza. Wakili akamwambia, "Bibi, hii ni ruhusa tu, huyu kijana wako akusaidie kufuatilia mambo ya shamba." Bibi akasema, "Haya, baba." Zile karatasi nilikuwa nazijua, kwani ni mimi niliyezichapa jana yake jioni. Hazikuwa za kufuatilia. Zilikuwa za kuuza.

Nikafungua pedi ya wino. Nikashika dole gumba la bibi, gumu, limepasukapasuka kama udongo wa kiangazi, nikalibonyeza mahali pa sahihi. Kisha nikampa kikaratasi ajifutie. Akasema, "Ahsante mjukuu wangu, Mungu akubariki."

We acha tu. Baraka ile ninayo mpaka leo na sijui niipeleke wapi.

Sasa, ndugu msomaji, swali. Siku ile ungeniuliza kanuni zinasemaje juu ya kumweleza mteja ukweli, ningekutiririshia bila kukohoa. Nilikuwa nimezikariri: wajibu kwa mteja, wajibu kwa mahakama, wajibu kwa wakili mwenzako, mwiko wa kuwinda wateja. Kichwani zilikuwa zimepangika kama sahani kabatini. Mbona hazikuniokoa? Hazikuniokoa kwa sababu katika miaka yote ya kusoma sheria hakuna aliyewahi kunikalisha kwenye kiti kile cha bibi. Kila siku nilikalishwa upande wa wakili. Kila swali la mtihani lilianza kwa "wewe ni wakili wa". Hakuna hata moja lililosema: wewe ni bibi, hujui kusoma, na watu watatu chumbani wanajua kilichoandikwa isipokuwa wewe.

Mnakumbuka Oktoba 2022 nchi ilivyotikisika? Matokeo ya Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo yalitoka, na kati ya watahiniwa 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, waliofeli 265. Waziri akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Mjadala ukawaka kila mahali, kuanzia bungeni mpaka kwenye vibanda vya kahawa. Wengine walisema tatizo ni Kiingereza, wengine vyuo vinavyotoa shahada kama njugu, wengine walisema wasahihishaji wana roho mbaya. Hoja zote hizo zina uzito wake. Lakini katika kelele zote nilizozisikia, sikusikia mtu akiuliza: na wale wanaofaulu, wamefaulu nini? Sina neno na wale 26, wamevuja jasho na wanastahili pongezi. Nauliza tu kama kuna mtihani wowote katika nchi hii ambao mimi, mshika wino, ningeufeli kwa sababu ya kitendo kile. Haupo. Wanasheria wazembe tunao mtego wa kuwanasa. Wanasheria hodari wasio na haya tunawavisha joho.

Na wala hili si jipya. Mwaka 1996 Tume ya Warioba ilipoleta taarifa yake juu ya kero ya rushwa, mahakama zilikuwamo miongoni mwa sehemu zilizonyoshewa kidole. Watu waliokuwa wakila rushwa pale hawakuwa wajinga wa sheria. Wangeweza kukuandikia insha safi juu ya ubaya wa rushwa. Wamarekani nao walikwisha kuonja pilipili hii. Kashfa ya Watergate ilipolipuka walishtuka kuona kwamba wengi wa wahusika ni wanasheria. Mwaka 1974 chama cha mawakili wao kikaamuru shule zote za sheria zifundishe wajibu wa taaluma. Basi likaongezwa somo, na somo likaongeza kitabu, na kitabu kikaongeza mtihani. Nasi tumeirithi dawa hiyohiyo: mgonjwa akizidiwa, tunamwongezea kurasa za kukariri.

Najua wenyewe watasema nini. "Kijana, mbona tuna mahakama ya mazoezi? Mbona wanafunzi wanaigiza kesi?" Vizuri. Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Mahakama ya mazoezi ni mchezo wa kuigiza, hilo nakubali. Hata mahakama yenyewe ni mchezo wa kuigiza, na nasema hivyo kwa heshima. Ina jukwaa, ina mavazi, ina maneno ya kukariri, ina mtu wa kupaza sauti watu wainuke mkubwa anapoingia. Kwa hiyo wanaosema sanaa haina nafasi kwenye sheria wamechelewa, sanaa imo humo tangu zamani. Lakini tazama mchezo unaochezwa vyuoni. Mwanafunzi anavaa joho la kuazima, anasimama, anasema "Mheshimiwa Jaji". Mwenzake anainuka, anapinga. Mteja yuko wapi? Ni jina kwenye karatasi. Mama wa mshtakiwa yuko wapi? Hakuandikwa. Karani, shahidi aliyetoka kijijini na nauli ya kukopa, mtoto anayegombewa na wazazi wawili? Hakuna. Hukumu inasomwa, hakuna anayezirai, hakuna anayepanga mizigo, hakuna anayerudi nyumbani bila nyumba. Watu wanapeana mikono na kupiga picha. Ni mchezo ulioandikiwa mhusika mmoja tu, wakili, na mwisho wake ni mmoja tu, nani kasema vizuri zaidi. Halafu tunashangaa kijana akitoka pale anaamini kwamba kesi ni mashindano ya kusema!

Bwana wee, huo ndio usanii wa mtaani unavyozaliwa. Umempa mtu nusu ya ufundi wa mwigizaji, yaani kuvaa, kusema, kushawishi. Nusu ya pili umemnyima. Nusu ya pili ni kuingia katika mtu ambaye si wewe na kukaa humo mpaka uone dunia kwa macho yake. Nusu ya kwanza peke yake ndiyo mtaji wa kila tapeli.

Na si kwamba hatuna vitabu. Tangu utotoni tumelishwa hadithi za Abunuwasi. Sote tunaijua ile ya maskini aliyekula ugali wake mkavu akisikia harufu ya mapishi ya tajiri, tajiri akamshtaki alipe harufu. Abunuwasi akaja kumtetea, akachukua fedha, akazigonganisha tajiri azisikie, akamwambia umelipwa: harufu kwa mlio. Tulishangilia. Lakini ipo nyingine ya Abunuwasi huyohuyo, aliyeazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria ndani yake, akasema imezaa. Jirani kwa tamaa akapokea. Mara ya pili akaazima kubwa zaidi, asiirudishe, akasema imekufa. Kesi ikaenda, na jirani akashindwa, maana aliyekubali kwamba sufuria huzaa hawezi kukataa kwamba sufuria hufa.

Hebu mwalimu wa maadili azilete hadithi hizo mbili darasani siku moja. Asihubiri. Aulize swali moja tu: ujanja ni uleule, ulimi ni uleule, mtu ni yuleyule, mbona mara ya kwanza kaokoa na mara ya pili kaiba? Au hakuiba? Wapo watakaosema jirani kaponzwa na tamaa yake mwenyewe. Vizuri, wabishane. Kisha awape kazi: mwenye sufuria amefika nyumbani, mkewe anauliza sufuria iko wapi. Andika mazungumzo yao. Nakuhakikishia, hakuna kanuni itakayomfundisha mwanafunzi yale atakayojifunza usiku huo akitafuta maneno ya kuweka kinywani mwa yule mume.

Ukitaka kesi ya mahakamani hasa, tunayo, na aliyetuletea kwa Kiswahili ni mtu mkubwa. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere, Rais wa nchi, alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare na kuuita Mabepari wa Venisi. Wengi tuliusoma au kuusikia shuleni. Shylock anamdai Antonio, anataka ratili ya nyama yake kama mkataba ulivyosema. Anaingia Portia kwa joho la mwanasheria, anawaacha wote vinywa wazi: nyama chukua, damu usimwage. Darasa zima hupiga makofi, na mimi nilipiga.

Hebu sasa tumsome Portia kwa macho ya maadili. Si mwanasheria, amevaa joho na jina la uongo. Deni lilikopwa kwa ajili ya mwanamume ambaye sasa ni mume wake. Fedha za kulilipa zimetoka mfukoni mwake yeye. Halafu anasimama mbele ya mahakama kama mtaalamu asiye na upande! Kwa kanuni yoyote ya uwakili duniani huyo haponi. Na akishashinda haachi hapo. Anaendelea kufunua vifungu mpaka Shylock aliyekuja kudai anaondoka hana mali yake wala dini yake. Sisemi Shylock alikuwa mwema. Alikuja na kisu. Nasema kwamba sisi tuliopiga makofi tulipiga kwa sababu aliyekatwa hatukumpenda, wala hatukuuliza kisu kimeshikwa kwa haki au vipi. Na wakili atatumia maisha yake yote akiwa upande mmoja, akiwa na mtu wa upande wa pili asiyependwa. Zoezi langu ni jepesi: mwanafunzi aigize Shylock baada ya hukumu. Asiseme neno. Atembee tu kutoka mahakamani mpaka nyumbani kwake, na darasa limtazame mpaka afike.

Haya si mambo ya kufikirika, niliyaonja. Mwezi wa Desemba, mwaka uleule wa pedi ya wino, nilirudi nyumbani. Kikundi chetu cha vijana kilikuwa kinatafuta mchezo wa kuonyesha chini ya mwembe, pale karibu na ofisi ya kijiji. Nikawaambia ninayo hadithi. Sikuwaambia ni yangu. Hatukuandika kitu, tulipeana tu nafasi. Kijana wa bodaboda akawa mshika wino. Bibi hakuna aliyemtaka, kwa hiyo nikafungwa kitenge kichwani, nikawa bibi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Nikakaa ukingoni mwa kiti kama yeye. Na hapo nikaona jambo ambalo sikuliona ofisini. Ukikaa pale, karatasi imekupa kisogo. Imegeuzwa kwa wakili. Hata ungekuwa na shahada tatu, maandishi yanakujia kichwa chini miguu juu. Halafu mtu anakushika mkono. Ukishashikwa mkono na kijana aliyekuamkia shikamoo, kuuvuta unakuwa utovu wa adabu wa kwako wewe. Niliisikia aibu ile mwilini, na nilikuwa naigiza tu, na mkono ulikuwa wa rafiki yangu. Kumbe bibi hakutia dole kwa sababu hajui kusoma tu. Alitia kwa sababu tulimtega kwa heshima yake mwenyewe.

Mchezo ukaisha, tukauliza kama kuna mwenye neno. Akasimama mama mmoja muuza vitumbua. Akasema, "Wakili mwizi tunamjua, hajanishangaza. Mtoto wa ndugu mwenye tamaa naye tunamjua, kila ukoo unaye. Mimi nauliza huyu kijana wa wino. Amesoma. Anajua. Ana mdomo. Mbona hasemi?"

Yule wa bodaboda akababaika, akajibu, "Mama, nitafukuzwa kazi."

"Ehe. Na kazi yenyewe inakulipa shilingi ngapi?"

Akanigeukia mimi. Maana hakujua. Nami ndani ya kitenge changu nilikuwa najua. Nilikuwa silipwi, napewa nauli. Watu walikuwa wanangoja jibu wacheke, nami nikashindwa hata kulitamka.

Nimekaa madarasani kwa miaka, nimesikiliza wahadhiri wenye vyeo virefu. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali lililonifika kama lile. Na angalia lilivyokuja. Halikutoka kwenye jukwaa, lilitoka kwa watazamaji. Ndiyo maana nasema tunahitaji sanaa yenye watu wanaoruhusiwa kujibu, si picha ya kutundika ukutani. Mbrazili Augusto Boal aliijenga kazi yake yote juu ya jambo hilo, mtazamaji ainuke, aingie mchezoni, ajaribu kuugeuza. Mwaka 1992 akachaguliwa diwani wa jiji la Rio de Janeiro, akaipeleka michezo hiyo mitaani, na mawazo ya watazamaji yakazaa sheria 13 zilizopitishwa. Hapa kwetu wala hatukuhitaji kungoja Mbrazili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji kuyaigiza matatizo yao na kuyajadili. Chuo kikuu hichohicho kilianza mwaka 1961 na kitivo kimoja tu, cha sheria, chenye wanafunzi wachache wa kuenea kwenye daladala moja. Sheria ndiyo kifungua mimba pale Mlimani, na sanaa ni mdogo wake wa damu. Ndugu wa kilima kimoja, kwa nini waonane siku za mahafali tu?

Sasa nizijibu pingamizi, maana najua zimeshapangwa mstari.

Wa kwanza anasema sanaa ni burudani. Huyo kila Wiki ya Sheria anaita ngoma na ngonjera kumlaki mgeni rasmi. Wasanii wanacheza juani, wanapewa soda, wakubwa wanaingia ukumbini kuzungumza mambo ya maana. Baba, hukuwahi kuijaribu sanaa, umeitumia kama maua ya mezani. Muulize aliyekuwa mkuu wa wilaya kule Kiambu, Kenya, kama sanaa ni burudani tu. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, kwa lugha yao wenyewe. Kibali kikafutwa kisheria kabisa, kwa karatasi yenye muhuri. Tarehe 31 Desemba mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila mashtaka. Dola ilijua nguvu ya jukwaa. Ni shule za sheria tu ambazo hazijapata habari.

Wa pili ni hatari zaidi, maana anakubali. Anasema, "Vizuri, tuandike mchezo wa kupinga rushwa." Mchezo wake naujua kabla sijauona. Mhusika mbaya anaitwa Bwana Mlungula, ana kitambi na miwani ya jua, na mwisho anakamatwa na wote wanaimba. Mchezo huo haumfundishi mtu maadili, unamfundisha kwamba mla rushwa ni mtu mwingine. Hakuna mwanafunzi aliyejiona katika kitambi kile. Mimi sikuwa na kitambi, nilikuwa na pedi ya wino na shikamoo nzuri. Sanaa ikigeuzwa mahubiri inakuwa kanuni zilezile zilizovalishwa kanga.

Wa tatu ni msomi, na pingamizi lake lina mfupa. Anasema, "Wajerumani walikuwa na muziki na fasihi kuliko watu wengi duniani, na majaji wao walimtumikia Hitler." Kweli kabisa. Huko Nuremberg mwaka 1947 majaji na wanasheria wa utawala ule walishtakiwa, na hawakuwa watu wasiosoma. Nakubali, bila kona: sanaa haimfanyi mtu mwema kama chanjo inavyozuia surua. Msanii mwenyewe anaweza kuwa muovu, tena tunao. Lakini wale walikuwa wameketi kwenye viti vya watazamaji, jioni, baada ya kazi. Mimi sidai wanafunzi wa sheria wapelekwe kutazama michezo. Nadai wakalishwe kwenye kiti cha bibi, mchana, saa za kazi, wakiulizwa maswali na muuza vitumbua. Wapo watakaoulizwa na bado wauze mashamba ya watu. Angalau hawataweza kusema hawakujua kiti kile kinaonaje.

Wa nne anasema wanafunzi ni wengi, hakuna muda. Huyo simjibu kwa urefu. Muda wa kukariri upo.

Basi nadai nini? Nadai mambo matatu, na hayahitaji mfadhili. Kwanza, katika kila mahakama ya mazoezi nafasi zipigiwe kura: mteja, shahidi, mshtakiwa, mama yake, karani. Asivae joho mtu ambaye hajawahi kuwa mteja. Pili, katika mtihani wa maadili kuwe na swali moja lisilojibika kwa kifungu: iandike kesi hii kama anavyoisimulia aliyeshindwa, kwa Kiswahili chake. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo kisingizio cha lugha kimekwisha. Tatu, milango ifunguliwe. Waitwe watu wa Manzese, wa Tandale, wa vijiji vya jirani, waketi watazame wanasheria wa kesho wakiigiza, na waruhusiwe kusimama na kuuliza. Na wasanii wanaojua kazi hiyo, Bagamoyo kuna chuo kizima, waajiriwe kuifundisha. Walipwe kama walimu, si soda.

Mtaniuliza, na bibi je? Nilirudi kumtafuta. Nilichelewa. Shamba limezungushiwa nguzo za zege, na bibi amehamia kwa binti yake wilaya nyingine. Nilimkuta, nikamwamkia, nikamweleza yote, na hakunijibu kitu. Alinyanyuka akaenda kuanua mahindi kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Nilimsaidia kuanua. Maelezo yangu nimeyaandika, kwa Kiswahili, nimeyasaini kwa jina langu kamili, nikamkabidhi binti yake ayatumie atakavyo, hata dhidi yangu. Kama yatafaa kitu mahakamani, sina hakika. Wakija kuniita nitakwenda.

Waheshimiwa walimu wa sheria, mtaani wanatuita wasanii. Tukiendelea hivi wataendelea kutuita, na watakuwa na haki. Naomba kutoa hoja.